Injini Ndogo, Mzigo wa Nyumba: Safari ya Kumfikisha Mama Karolina Shambani

Tuliondoka Juba kwa sababu ya simu moja. Baba mdogo wa rafiki yangu Vuni alimpigia kutoka kijijini kwao, ndani kidogo ya barabara kuu karibu na Pageri, akasema kuna mtu ameanza kufyeka shamba la marehemu kaka yake na kukusanya miti ya kujengea. Chifu angekuja keshokutwa asubuhi kuamua. “Mwambie mama yako kesho alale hapa,” alisema. “Chifu akimkuta shambani, ataongea kama mwenyewe. Akimkuta njiani, ataongea kama mgeni.”

Mama Karolina, mama yake Vuni, alikuwa ameishi Uganda, kambini Adjumani, miaka mingi ya vita, kisha akakaa Juba kwa mwanawe akingoja siku ya kurudi. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imebaki kilima cha udongo. Hapakuwa na paa la kulala, na kulala kwa shemeji alikataa katakata. Ndipo wote wakanigeukia mimi, kwa maana mimi nilikuwa na nyumba yenye magurudumu.

Nyinyi mlioko Kitale mnalijua basi langu. Ni lile lenye pua ndefu lililokuwa likibeba wanafunzi, ambalo nililinunua shule ilipolichoka. Niling'oa viti, nikaweka kitanda cha chuma, jiko na pipa la maji. Kwenye fremu za madirisha bado yanasomeka majina ambayo watoto waliyachonga kwa ncha za bikari, na mimi sikukubali kamwe yapakwe rangi. Nimelala humo Lodwar, nimelala humo Gulu, na Juba nililiegesha Kator, kwenye uwanja ambao Vuni hutengenezea magari.

Injini ndiyo iliyotuletea shida. Basi lilikuja na injini kubwa ya silinda sita, na dizeli Juba ikawa ya kutafutwa kama dawa. Vuni akanishawishi tuitoe, tuweke ya silinda nne kutoka kwenye kilori kilichogongwa. “Ndugu yangu, hii tumbo yake ni ndogo, itakula kidogo,” aliniambia. Tuliifunga. Ilikaa ndani ya ile boneti kubwa kama mtoto kwenye kiti cha mwalimu. Tukalijaribu basi siku nzima kati ya Kator na Nyakuron, na kweli, mshale wa mafuta haukusogea sana. Tulishangilia. Tulisahau kwamba siku hiyo kitanda, pipa na vitu vyangu vyote vilikuwa nje uwanjani chini ya turubai, vikingoja tumalize kuchomelea sakafu.

Asubuhi ya safari, kabla ya jua kupanda, tulivuka daraja hadi Gumbo. Mafuta tuliyoweza kupata yalitosha, kwa hesabu ya ile siku ya majaribio, kwenda na kurudi na kubaki kidogo. Lakini Mama Karolina hakuja mikono mitupu. Alikuja na mabati, mlango wa chuma aliochomelewa na mwanawe, jiwe la kusagia, na mifuko ya saruji.

“Mama, saruji ya nini leo?” Vuni aliuliza.

“Ya sakafu. Wewe ulizaliwa juu ya vumbi. Mimi nimechoka na vumbi.”

Tukapakia.

Kutoka Gumbo lami ni nzuri na nchi imelala. Magari ya abiria yalitupita, malori yalitupita, na mimi sikujali. Kilichoanza kunisumbua ni sauti. Injini ile ya zamani ilikuwa ikinguruma polepole kama mtu anayesali. Hii ilikuwa ikipiga kelele. Nikiweka gia ya juu, basi linazimia. Nikirudisha gia, injini inalia. Difu ya basi, yale meno ya nyuma yanayogeuza magurudumu, ilitengenezwa kwa injini yenye nguvu inayozunguka taratibu, na sisi tulikuwa tumeifunga kwa injini nyepesi ambayo nguvu yake haiji mpaka izunguke kwa kasi. Ili lisogee ilinibidi nikanyage, na kila nilipokanyaga ilikunywa.

Tulipofika njia panda ya Aru, mshale ulikuwa umeshuka nusu. Nilizima gari, nikawasha tena, nikiomba iwe geji tu imekwama. Haikuwa imekwama.

Pale njia panda wanawake huuza dizeli kwenye chupa za plastiki. Siku hiyo chupa zilikuwa zimepangwa, lakini tupu. “Matangi hayajatoka mpakani,” alituambia mmoja wao. “Leo mnywe chai tu.”

Askari wa kizuizi akasogea dirishani, akatazama kitanda, mabati na mama aliyekaa juu ya saruji. “Mnahama?”

“Tunarudi,” Mama Karolina alimjibu.

“Basi rudini haraka. Wenzenu wote wamepita. Jioni hatutaki kuona gari peke yake huko mbele, watu wanatekwa.”

Vuni akanivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umekauka. Mafuta yaliyobaki yalitosha kurudi Juba. Kwa mwendo ule hayakutosha kufika kwao, maana vilima vilikuwa bado mbele.

“Mimi iko nasema turudi,” alisema. “Tukikwama katikati, nani atakuja?”

Sauti ya mama yake ikatoka ndani ya basi. “Ya jena! Mtoto! Hii gari inashindwa na nini?”

“Uzito, Mama.”

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka na mfuko wa kwanza wa saruji ukaanguka barabarani.

“Mama! Hiyo ni sakafu yako!”

“Nitalala bila sakafu. Siwezi kulala Aru na sakafu yangu.”

Tulishusha saruji yote, tukawaachia wale wanawake waihifadhi kama wangeweza. Mlango wa chuma ukafuata, kisha jiwe la kusagia. Mimi nilifungua bomba la pipa, na maji yangu ya wiki nzima yakatiririka hadi kwenye mtaro. Nilikuwa naingia ndani kung'oa kitanda nilipoona Mama amesimama mbele ya mabati, mkono juu yake.

“Haya hapana,” alisema. Sikubishana, na kitanda nikakiacha pia.

Mchana ulikuwa umesogea tulipoondoka. Basi lilikuwa jepesi kidogo, nami nilijifunza kuliendesha upya: kwenye mteremko naliachia, kwenye tambarare siharakishi, na kabla ya kilima nakusanya mwendo mapema ili injini isilie juu. Mshale ulishuka pole kuliko mwanzo, ila ulishuka. Nyuma yetu hapakuja gari, na mbele hatukukutana na hata pikipiki. Kila kichaka kilichotikisika, Vuni alikitazama mpaka kikapita.

Karibu na Pageri tuliacha lami na kuingia njia ya udongo, na hapo ndipo kilima cha mwisho kilipotungoja. Gia ya kwanza. Injini ililia, basi likapanda kwa hatua za mzee, maji ya rejeta yakaanza kutoa mvuke. Vuni aliruka chini akatembea nyuma yetu na jiwe mikononi, tayari kulitupa chini ya gurudumu kama tungeanza kurudi nyuma. Katikati ya kilima mshale ulikuwa umelala kabisa.

“Usikanyage sana!” Vuni alipiga kelele.

“Nisipokanyaga linasimama!”

“Basi kanyaga!”

Mama Karolina alikuwa amesimama pembeni yangu, ameshika nguzo ile wanafunzi waliyokuwa wakiishika wakishuka. Hakuomba kwa sauti. Alikuwa akilisemesha basi kwa Kimadi, maneno mafupi mafupi, kama mtu anayeswaga ng'ombe mkaidi.

Tulifika juu. Jua lilikuwa likigusa miti tuliposhuka upande wa pili, nami nikaliachia basi liende lenyewe. Injini ilikohoa mara mbili na kuzima. Tuliteremka kwa ukimya, upepo tu ukivuma madirishani, mpaka Mama aliponyoosha mkono: “Hapo. Hapo kwenye majani marefu.” Nilikata kona. Basi liliingia shambani, likasota, likasimama. Ndani ya tangi hapakuwa na tone.

Usiku ule Mama alilala kwenye kitanda changu. Sisi tulilala kwenye ngazi.

Asubuhi chifu alikuja na wazee wawili na yule mtu aliyefyeka. Jina lake lilikuwa Paulino, mtu mwembamba mwenye mke na mtoto mgongoni pa mke. Miti yake ya kujengea ilikuwa imerundikwa palepale, imechongwa vizuri. Alisema yeye naye alifukuzwa kwao na vita, akapata shamba limelala, hakujua lina mtu. Sikuona uongo machoni pake.

Mama Karolina aliwapa chai. Chifu, aliyejifunza Kiswahili chake Uganda, alinywa akilizunguka basi taratibu.

“Mama, nakujua. Nilimjua bwana yako. Lakini nauliza. Paulino ameleta miti, na miti ikisimama inakuwa nyumba. Wewe umeleta gari. Gari ni ya huyu Mkenya. Kesho anapata mafuta, anaenda. Hapo inabaki nini? Majani tu. Nyumba yako iko wapi?”

Vuni alitazama chini. Mama Karolina aliendelea kumimina chai, na hakunitazama hata kidogo. Laiti angenitazama, ningepata la kukasirikia.

Nilitazama yale majina ya watoto kwenye fremu. Nilifikiria Lodwar. Kisha nikaenda mbele, nikainua boneti.

“Vuni, lete spana.”

“Unafanya nini?”

“Chifu anasema ni gari. Tuliondoe gari, ibaki nyumba.”

Tulifungua maunti zinazoishika injini, tukaitenganisha na giaboksi, tukaifunga mnyororo. Kilihitajika kitu cha kuinyanyulia, na chifu akamgeukia Paulino. Paulino alisitasita, kisha akaenda akachagua mti wake mnene kuliko yote, akauweka begani yeye wa kwanza. Wanaume wa kijiji waliokuja kutazama wakaingia chini yake. Injini ilipanda, ikayumba, ikatua majanini.

Chifu alichungulia ndani ya boneti tupu. “Kalas, imekwisha,” alisema. “Hii sasa haiendi popote.” Akamwonyesha Paulino mahali pengine ng'ambo ya kijito. Mama Karolina alimwambia alichokwisha kufyeka akipande na akivune msimu huu, ndipo ahame.

Tulirudi Juba nyuma ya lori, tukiwa tumekaa juu ya injini, karibu na kidirisha cha dereva kilichokuwa wazi. Dereva alikuwa Msomali wa Garissa, naye alicheka tangu alipotuona barabarani. “Wazee, mmeiba injini ama mmepoteza gari?” Vuni alimwambia mambo yote. Akauliza kama ni kweli hizi ndogo zinakula kidogo.

Nilimwambia nilichojifunza. Injini hiyohiyo, kwenye kilori chake, ingetufikisha kijijini na kuturudisha. Kwenye basi lililobeba nyumba ilikunywa kuliko ile kubwa tuliyoikimbia, kwa sababu haikupumzika hata dakika moja. Mtu akiniuliza leo injini ipi ni nafuu, namwuliza kwanza anabeba nini na anapanda wapi, na kama ameipima akiwa na mzigo huo.

Gumbo, lori lilipopunguza mwendo kabla ya daraja, Vuni alisema atashuka Nyakuron kwa mke wake. Dereva akanitazama kwenye kioo.

“Na wewe mzee, nyumbani ni wapi nikushushe?”

“Nyumba yangu umeipita kule Pageri,” nilimjibu. “Ina mwenyewe ndani. Wewe endesha tu.”