Saburi ya Devota kwenye mikorosho ya Rutamba

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha birika kinagongagonga gizani. Devota anaepua, anamimina chai ya rangi, kisha anamwamsha bintiye Marietha, mwenye miaka saba. Mvua imenyesha usiku kucha. Leo miche ya mikorosho itaingia ardhini.

Mjane huyu wa Rutamba, mkoani Lindi, anapigania shamba alilolima na marehemu mumewe. Ardhi ni ya ukoo wa mume, lakini kwa desturi ya huku, mti ni wa aliyeupanda. Msimu uliopita alivuna magunia manne. Humo ndimo ulimotoka unga, na sare ya shule.

Matanga hayajapoa, shemeji yake Sixbert alimtaka arudi kwao. Alidai mikorosho yote ilipandwa na mdogo wake, yule marehemu, basi ni ya ukoo. Devota alipohoji, akaambiwa Mkristo hajibizani. Maandiko yanataka saburi.

"Nikanyamaza," anasema. "Nilijua saburi ni kuinamisha kichwa. Mizigo nikafunga kabisa."

Kilichoifungua ni darasa la jioni kigangoni. Katekista Optatus alieleza kwamba barua za mitume ziliandikwa kwa Kigiriki, na neno tunalolisoma saburi humo ni hupomone, lililoundwa na "chini" na "kubaki". Akawaonya wasishike vipande vya neno tu, watazame lilivyotumika: kwa watu waliolemewa, na bado hawakuondoka mahali pao.

"Nikamuuliza, mwalimu, kwa hiyo kubaki si ukaidi? Akacheka. Akasema, mama Marietha, ukaidi unao siku zote, sasa umeupatia na andiko."

Tangu hapo Devota amebaki. Anapalilia, na kila mkorosho uliokufa anapanda mwingine. Anataka mapengo yote yajae kabla ukoo haujakaa kikao cha kuamua shamba ni la nani, na korosho hizo zije zimsomeshe Marietha mpaka aseme mwenyewe imetosha.

Jua limeshachomoza Sixbert anapotokea shambani. Marietha anamwamkia, shikamoo baba mkubwa. Anaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye miche. Devota anamkaribisha, kisha anaendelea kushindilia udongo.

"Na huu kaupanda nani?" anauliza Sixbert, akiuelekea mche mdogo wa pembeni.

Marietha anasimama, mikono imejaa tope.

"Nimeupanda mimi."