Makuta mu Kofia, Bendera Ikipanda

Muniache niseme mwenyewe, mbele mwengine hajasema: ule mwanaume mwenye alimwanga makuta, pesa za harusi yake, pale bariera ya mupaka wa Gisenyi, mama mukwe wake akiona, ni mimi. Mucheke kwanza, halafu munisikilize.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, wakati wa kuitana citoyen, ni kusema mwananchi. Vikwembe, vitenge vya harusi, tulitaka kununua ngambo, Gisenyi, na kule walitaka franga za Rwanda, lakini kuvusha noti zetu za zaïre ilikatazwa (kila mutu alivusha, na kila mutu alificha). Mama mukwe, mama wa Masisi mwenye maneno kidogo, alikuwa ameuza ngombe yake juu ya ile kazi. Hakunipenda sana. Alisema binti yake haolewi na mutu wa kujitapa, na ile safari alikuja kunipima, nilijua.

Asubuhi akaniambia, macho chini vile desturi inataka: "Mukwe wangu, leta makuta niifunge mu kikwembe." Mimi nani? Mimi mutoto wa Majengo, mutu wa kujua yote! Nikamujibu: "Mama, pale bariera mafundo ya wamama ndiyo wanafunguaka ya kwanza. Kofia ya mwanaume hawaigusi." Nikapanga noti mu kofia, nikaivaa upande, nikaenda nikipiga mluzi mpaka mu foleni.

Tulibakisha watu wawili mbele yetu, firimbi ikalia. Bendera! Ninyi vijana hamujui: ile wakati bendera ikipanda wote wanasimama kimya, mikono chini, na wanaume wanatoa kofia. Mimi nikabaki na yangu. Mwanajeshi akaniangalia, nikajifanya simuoni. "Citoyen! Kofia!" Aki ya Mungu, mukono ulitoa kofia bila kuniuliza.

Makuta ikanimwangikia mabegani, ikashuka chini mu vumbi nyeusi, upepo wa ziwa ukaanza kuisukuma. Na hakuna mutu wa kujongea! Mutu wa duani, ule wa forodha, anaiona, mwanajeshi anaiona, jicho moja kwangu, jicho ingine ku bendera, wimbo unaendelea, na mimi jasho inatiririka mpaka mu viatu. Nikasema basi, harusi imekwisha, gereza ndiyo inaanza.

Halafu nikamuona mama mukwe kando yangu, upande ule upepo ulisukuma noti. Mikono chini, kichwa juu, uso wa kanisani. Ila kikwembe chake kilikuwa kinashuka polepole, kinafunika bulongo, na ndani yake vidole vya miguu vinavuta noti, moja, ingine, ingine. Aa, ule mama! Akili kama ile sijaiona tena mpaka leo.

Wimbo ukaisha, mutu wa duani akaruka. "Mama, jongea hapo!"

Hakujongea. "Citoyen, kikwembe kilifunguka wakati wa bendera. Ningekishika, mungesema naizarau inchi. Sasa unataka nijongee uone uchi wa mutu wa umri wa mama yako?"

Wamama wote mu foleni wakapaza sauti: "Haya! Mugeuke!" Wanaume wakageuka, mutu wa duani naye, na mimi wa kwanza, juu kwetu neno kama lile mbele ya mukwe ni haya ya kuhama kijiji. Na yeye alilisema, sababu yangu. Tulipogeuka tena alikuwa amevaa vizuri, chini ni vumbi tu (wapi aliweka makuta, sikuuliza). Wakanipekua mimi mpaka soksi, wakakosa, wakatufukuza tupite.

Kufika ngambo nikapiga magoti mu barabara. "Mama, unihurumie. Najua binti sitamupata."

Akaniangalia macho kwa macho, mara ya kwanza. "Nilizani uko mutu wa kujitapa. Kumbe uko muoga tu, nimeona vile ulitetemeka. Muoga anarudiaka nyumbani mbele ya magaribi. Simama, tutafute vikwembe."

Toka ile siku makuta ya safari anashika bibi yangu, ule binti yake. Na magaribi, miaka hii yote, haijanikuta inje.