Maharage ya Heshima Liuli

Sisi tuliokulia Mkumbi enzi hizo tulimjua samaki akiwa mkavu tu. Dagaa walitoka ziwani kwenye magunia, wakapandishwa milima mpaka sokoni, na mama aliwanunua akijiwa na wageni. Siku nyingine zote tulikula maharage. Asubuhi na viazi vitamu, jioni na ugali, na Jumapili baada ya misa yaliungwa kwa karanga ili yaonekane mapya.

Basi mama aliposema tunashuka Liuli, kando ya ziwa, kumsalimia mama mdogo, mdogo wake aliyeolewa huko, darasa zima lilijua. Niliapa mbele ya wenzangu kwamba nitakula mbasa aliyevuliwa siku hiyohiyo.

Tulipanda lori, kona baada ya kona, mama amekumbatia debe la maharage ya zawadi. Ziwa lilipotokea kule chini, mate yalinijaa.

"Shikamoo, mama mdogo!"

"Marahaba, mwanangu! Hapa mtakula mpaka mkome."

Akaleta ugali wa muhogo na bakuli lililofunikwa. Nikachungulia. Maharage!

Kesho yake, maharage. Siku ya tatu mchana, maharage tena, na lori letu lilikuwa linaondoka saa tisa. Harufu ya mbasa wa kuchoma ilinitesa, lakini mama alinionya tangu nyumbani: "Ukichagua chakula kwa watu, utanitambua."

Nikazunguka nyuma ya jiko na sahani yangu. Janeti, binti wa mama mdogo, alikuwa amekaa anakinunia kipande cha mbasa.

"Nyie mnafaidi," alisema. "Maharage siku tatu! Sisi samaki, samaki, samaki."

"Tubadilishane?"

"Lete upesi!"

Nilikuwa nalamba vidole mama aliposimama mbele yetu. Nikajua nimekwisha. Akatazama sahani, akatazama mlangoni, kisha akachuchumaa na kumega samaki wangu.

"Dada! Kumbe hata wewe?" Mama mdogo alikuwa nyuma yake. "Na mimi nimewakataza wanangu wasiguse maharage, nikidhani ndiyo heshima yenu!"

"Ningesemaje, na mimi ni mgeni?" mama alijibu, mdomo umejaa.

"Hata mimi sikusema uliponilisha dagaa wiki nzima kule Mkumbi!"

Walicheka mpaka machozi. Tulipanda lori na mbasa wawili kwenye majani ya mgomba, na hawakufika Mkumbi.

Siku hizi lami imefika, mbasa anapanda milima akiwa kwenye barafu, na Mbinga mjini anaagizwa kama soda. Nimezunguka mikoa mingi, na mwenyeji akiniuliza nitakula nini, namjibu, "Mnachokula ninyi." Wanangu huulizia chipsi kabla sijamaliza kusalimia watu. Wanapata wanachotaka, na nafurahi. Ila sidhani kama kuna mama atakayewanyima wanawe bakuli la maharage kwa ajili yao.