Majamvi Hayajakauka

Hadi leo nikisikia harufu ya jamvi la majani ya mkoma lililolowa, mate hunikauka kinywani. Nyumbani kwetu Mtopanga, nyuma ya mlango wa ukumbini, yalisimama majamvi kumi na mawili yaliyokunjwa na kufungwa kamba. Hayakuwa yetu. Mtaa uliyanunua kwa mchango, na mamangu akakabidhiwa kuyatunza kwa kuwa paa letu halikuvuja. Mtu akifiwa, awe wa kanisani au wa msikitini, mtoto alitumwa kwetu, na mama aliyatoa bila kuuliza neno. Matanga yakiisha, yalisuguliwa, yakaanikwa ukutani na kurudishwa mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuyakung'uta vumbi, kazi niliyoichukia kuliko hesabu.

Kiangazi kimoja tulimpoteza Kombo, mwana wa pekee wa jirani yetu Bi Mwanasiti. Alikuwa mwanajeshi, akauawa Somalia alikopelekwa kupigana. Kombo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu na kuniapia kwamba hajaachia kiti, kumbe ameachia zamani. Nililia hadi nikatapika, na sioni aibu kulisema. Alirejeshwa ndani ya sanduku lililofungwa, tukaambiwa lisifunguliwe, akazikwa hivyo hivyo. Majamvi yote yalitandikwa. Wakubwa walikuja na magari yao, wakasema maneno mazito, wakaondoka kabla chai haijapoa. Aliyeshinda jikoni siku zote tatu ni Bi Shamsa, Msomali muuza maziwa aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alimenya vitunguu hadi macho yakamvimba, akapika birika baada ya birika la chai ya tangawizi, na masufuria yaliyoungua, ambayo wengine waliyakwepa, yeye ndiye aliyeyasugua.

Hazikupita wiki mbili Bi Shamsa akapigiwa simu. Dada yake na watoto watatu wa dada huyo walikuwa wameuawa nyumbani kwao, huko huko Somalia, kwa bomu la ndege ambayo hata leo sijui ilikuwa ya nani. Walikuwa wanakula chakula cha mchana. Binti wa Bi Shamsa, Ifrah, niliyekaa naye dawati moja, alikuja kwetu macho mekundu. "Shikamoo. Mama asema twaomba majamvi." Mama alimwambia atangulie, jibu litafuata. Kisha akawaita wanawake wawili wa mtaa, wakaketi barazani, nami nikawasikia. "Kombo hajatimiza arubaini, leo tuwatandikie hao?" alisema mmoja. Wa pili akauliza, maiti haiko, matanga ya nini? Kana kwamba ya Kombo sisi tuliiona! Mama hakubisha. Aliniita, nikaitika abee, akaniambia bila kunitazama, "Nenda kamwambie Bi Shamsa majamvi hayajakauka."

Jua la siku ile lilikuwa la kupasua vichwa. Majamvi yalikuwa nyuma ya mlango, makavu yanayolia ukiyagusa. Nilikwenda, nikasema nilichotumwa. Bi Shamsa alikuwa ameketi chini kwenye saruji tupu, simu mapajani. Akautazama ua uliowaka jua, akanitazama mimi. "Haya, mwanangu. Mshukuru mamako." Siku tatu alikaa hapo na Ifrah na jamaa wachache waliotoka Likoni. Mtaa wetu haukupeleka hata kikombe cha maji. Bi Mwanasiti naye alipita mlangoni pake bila kugeuza shingo, lakini yeye nilimsamehe zamani, jeraha lake lilikuwa bichi. Sisi wengine tulikuwa na kisingizio gani? Tulikunywa chai ya yule mama, tukamlipa kwa uongo, tena uongo wa kumpa mtoto aubebe. Fadhila za punda ni mateke.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu, nami kila nikiwasha televisheni naukumbuka mkuki huo. Askari wetu akiuawa tunaonyeshwa picha yake, tunatajiwa jina lake na kijiji chake, na mamake analia mbele ya taifa zima. Ni haki yake, wallahi, wala sitaki apunguziwe hata chozi moja. Lakini wa upande wa pili wanatajwa kuwa "raia kadhaa", kisha tunaletewa hali ya hewa! Nakasirika, na hasira yangu haiishii kwa watangazaji. Hakuna serikali iliyotuamuru kuyaficha majamvi. Tulijiamulia wenyewe, barazani, katika muda wa kunywa kahawa.

Mwaka jana mamangu alifariki, nami nikayatandika kwa mikono yangu, maana sasa ndimi mtunzaji. Bi Shamsa alikuja na birika lake, amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Kabla ya kuketi aliinama, akaweka kiganja juu ya jamvi. "Yamekauka," alisema, wala hapakuwa na kejeli usoni mwake. Akaketi, akainua mikono, akamwombea mama dua ndefu. Nilisogea karibu naye, nikamuuliza wale jamaa zake waliitwa nani. Miaka yote hiyo sikuwa nimeuliza, wala mtaani petu hakuna aliyeuliza. Akaniambia: Sahra, Liban, Hodan, na mdogo wao Yusuf. Halafu akajifunga kanga vizuri, akaenda jikoni kumenya vitunguu.