Kabati Lililokataa Vidole Vyangu

Nilikaa kwenye dirisha la stoo ya vifaa vya hospitali yetu hapa Kyela zaidi ya miaka ishirini, na nafasi ile sikupewa kwa hisani. Nilianza kwa kufagia. Shule niliachia darasa la nne, hilo silifichi, maana wapo waliosoma mpaka mwisho, wakakabidhiwa stoo ileile, na mashine za presha zikawa zinaota miguu. Nilipopewa ufunguo mimi, kilichopotea ni waya mmoja, na aliyeupoteza namjua mpaka leo.

Utaratibu wangu niliutoa Itungi. Kabla ya hospitali nilikuwa nabeba magunia pale bandarini, na mzee aliyetunza banda la vifaa alikuwa haandiki kitu. Ukichukua toroli lake unamwachia shati. Utahangaika kifua wazi mpaka umrudishie. Sasa hospitalini siwezi kumvua muuguzi shati, kwa hiyo nikachukua kiatu. Ukitaka kipima presha, au mashine ya mvuke ya wenye pumu, au kile kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu, unaacha kiatu cha kushoto. Nilikuwa nakiweka kwenye rafu, palepale kifaa kilipotoka. Nikitupa jicho naona kiatu cheusi kilicholika kisigino, najua kipima presha kiko wodi ya wanaume na nani anacho. Kalamu ya nini?

Siku moja daktari mgeni alimwona muuguzi anachechemea koridoni, mguu mmoja una kandambili ya bafuni. Akamuuliza ameumia wapi.

"Sijaumia, daktari. Nina mtungi wa oksijeni."

Daktari akaja kwangu kugomba. Nikamwomba ataje kifaa chochote, nimwambie kiko wapi. Akataja vitatu. Nikamjibu vyote bila kugeuza shingo. Kesho yake alikuja mwenyewe kuchukua taa ya kuangalia masikio, akavua kiatu bila kuambiwa.

Asubuhi pale dirishani palikuwa na kelele kama gulioni. "Mugonile, tata," wananisalimu Kinyakyusa, nami naitikia, tunaulizana habari za nyumbani, za mpunga, za mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Kisha ugomvi unaanza. Kulikuwa na muuguzi mmoja, mkwe wa watu wa Makwale, mdomo wake haukuwa na breki.

"Tata, leo nimevaa viatu vipya. Chukua saa."

"Saa utaisahau. Kiatu mguu utakukumbusha."

"Una roho ngumu kama watu wa Makwale."

"Ndio waliokuoa. Vua."

Anavua huku anacheka, na wenzake nyuma wanamwambia aharakishe, soksi imetoboka wameshaiona.

Halafu yakaja makabati. Meupe, ya chuma, yana vijilango vingi na kioo kimoja cha kugusa. Unaweka kidole, kabati linakutambua, mlango unafunguka, na lenyewe linaandika nani kachukua nini na saa ngapi. Kifaa kikikaa ndani kinachajiwa. Mimi nilikuwa bado na mwaka na kitu kabla ya kustaafu, kwa hiyo matroni akasema na vidole vyangu viingizwe. Niliweka cha kwanza, kikakataliwa. Nikaweka vyote kumi. Ilikuwa kama siku ile ya kusajili laini ya simu, nilipofuta mikono kwenye suruali mpaka ikachakaa.

"Mzee, mikono hii umeifanyia nini?" fundi aliyeyafunga makabati akaniuliza.

"Kazi zote ambazo wewe hujafanya."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nimejishika mikono kama mtu aliyeibiwa.

Kabati lile lilikuwa na kosa moja: waliolileta hawakujua kwamba hapa muuguzi naye ana shamba. Mavuno yalipofika, wauguzi walienda Ngonga siku za mapumziko kukata mpunga, wakarudi vidole vimechanwachanwa. Asubuhi waliporudi kazini nusu ya zamu ilikataliwa. Wakaja wote dirishani kwangu, ambako vifaa vya zamani vilikuwa bado rafuni, kiatu mkononi. Sijui kama nimewahi kuwa na wiki tamu kama ile. Nilipandisha hata sauti, nikawaambia wapange mstari. Wiki ilipoisha fundi alirudi na kadi, kila mtu akapewa yake ya kuning'iniza shingoni, na mchezo ukaishia hapo. Dirisha lilipigiliwa ubao. Nilimaliza muda wangu nikihesabu shuka za kufulia, nikastaafu.

Masika iliyopita mke wangu alibanwa na pumu. Ilikuwa mchana, mvua imekatika kidogo. Tulimweka kati kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika kiuno, na kifua chake nakisikia kinapiga filimbi. Wodini tulipokelewa na huyohuyo muuguzi wa mdomo. Alimkalisha, akaenda kwenye kabati, nami nikamfuata. Akainua kadi.

Nitasema ukweli, maana uzee hauna faida nyingine. Niliomba likatae. Nilitaka taa iwake nyekundu, ageuke aniulize, "Tata, mashine ya mvuke iko wapi?" Basi. Nilitaka kuulizwa mara moja tu. Na nyuma yangu mke wangu anatafuta pumzi.

Ikawaka kijani. Mlango ukafunguka, mashine ipo, imejaa chaji, barakoa yake imefungwa kwenye nailoni safi. Muuguzi akanipita mbio. Zamani, kwa kubishana kwetu na kuvuana viatu, ingechukua muda mrefu kuliko ule, na hata mimi siwezi kukataa.

Mvuke ulipoanza kumwingia, mke wangu alinitazama juu ya barakoa. Akaisogeza kidogo.

"Mbona umesimama kama uko msibani? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi kaa."

Nilikaa. Nilimwambia siku ya tatu, nyumbani, anachambua mchele. Nilimweleza nilichokiomba mbele ya kabati. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Yaani ungeniacha nife," akasema, "ili uulizwe swali."

Alirudi kwenye mchele wake, na jioni alinipakulia kama kawaida, kipande cha samaki kikubwa kwangu, sikuweza kukimaliza.

Siku hizi nampeleka kliniki mwenyewe. Nakaa naye bega kwa bega kwenye benchi, macho kwake, mpaka aitwe. Kabati liko mbele yetu. Muuguzi anakuja, anaonyesha kadi, anachukua, anaondoka na viatu vyake vyote viwili. Anakuja mwingine, naye vivyo hivyo, na hakuna anayemsalimu mwenzake. Vifaa havipotei. Wagonjwa wanahudumiwa, mke wangu akiwa mmoja wao, na mimi ni nani wa kusema vinginevyo. Natamani tu mtu angetokea akabishana nao kidogo.