Shubiri Moja ya Ukili

Mkasi huo uweke chini kwanza, mwanangu. Najua una haraka, maana nyinyi wasanii wa siku hizi mna haraka kama watu wanaofukuzwa, lakini kanga ya marehemu bibi yako haitakimbia. Umekuja nikufundishe kuunganisha vitambaa, kamba na ukili mpaka viwe picha, na jambo la kwanza ulilotaka kufanya ni kulikata lile tundu la moto lililo pembeni mwa kanga, ili ubaki na kitambaa kizuri. Halafu umeniuliza kwa nini kazi zangu zote, hata ile kubwa ya ukumbini, zina mahali palipoachwa wazi, urefu wa shubiri moja. Mambo hayo mawili yana jibu moja. Kaa basi nikusimulie siku ninayoikumbuka hata ninapokuwa sitaki kuikumbuka.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, hapa hapa kisiwani Juani. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeanza miaka si mingi nyuma, na wageni walikuwa wakija kuangalia matumbawe na samaki. Wavuvi wetu walikuwa wakiacha nyavu za macho madogo na kuchukua zenye macho makubwa, na vipande vya zile kuukuu vilizagaa kila mahali. Mimi nikavikusanya. Kamba za kulimia mwani zilizokatika, ndala zilizotupwa na bahari, viraka vya tanga, vyote nilivishona juu ya mkeka chakavu nikaviita picha. Mama alikuwa akinicheka: "Wenzako wanaokota kuni, wewe unaokota taka." Lakini wageni walizipenda picha zangu, na kichwa kikanivimba, sikufichi. Nikajiona mimi ndiye mwenye macho kisiwani na wengine wote wanapapasa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Shangazi Siti. Hatukuwa na damu moja, ila alinilea kwa viboko na visheti sawasawa, kwa hiyo alikuwa shangazi. Alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Haji, alikwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi kisiwani Shungimbili na wavuvi wenzake, na siku ya kurudi chombo kikapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye hakuonekana tena, na mwisho wazee wakasema mama wa watu akae eda.

Kwa desturi yetu, kama unavyojua, kila mwanamke anasuka ukili wake mwenyewe, ule mshipi mrefu wa miyaa, anaukunja duara na kuuweka mpaka utoshe mkeka au msala wa kuswalia. Kusuka anasuka kila mtu. Kushona ni kazi ya wachache, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Ukili ukishafika kwa mshonaji ni amana, hauguswi na mtu mwingine. Shangazi Siti aliuleta wake zaidi ya mwaka baada ya kutoka edani. Mama akausukuma uvunguni mwa kitanda, akasema atauanza akirudi kutoka Kilindoni, alikokuwa anakwenda kumuuguza dada yake. Akaniangalia akanijua. "Na huo usiuguse," akasema.

Nikaugusa. Nilikuwa na picha ya bahari iliyokaribia kwisha, imekosa mawimbi tu, na kikundi cha akina mama kilikuwa kimealikwa kupeleka kazi za mikono Utende kuwaonyesha wageni. Ukili wa Shangazi Siti ulikuwa na zambarau iliyopauka, rangi hasa niliyokuwa naitafuta. Nikajiambia ukili ni ukili. Nitasuka mwingine, pima kwa pima, rangi kwa rangi, tena nitausuka vizuri zaidi, na nitaurudisha uvunguni kabla mama hajarudi. Na kweli niliusuka, mwanangu. Siku tisa vidole vinaniuma, nikiamini kwamba mtu akirudisha kilicho sawa na alichochukua basi hajachukua kitu.

Nilipokuwa naukunjua ule wa Shangazi, katikati nikakuta mahali pabaya. Urefu wa shubiri moja hivi miyaa ilikuwa imelegea, mingine imepandana, ukingo umekwenda upande. Nikacheka peke yangu, nikasema kumbe hata fundi huyu naye hukosea. Nikakata pale kwa mkasi, nikaziunganisha zile ncha mbili, na kile kipande kibovu nikakitia jikoni kuwashia moto. Siku hiyo nilipika muhogo wa nazi, nikala, nikashiba.

Kule Utende picha yangu ilitundikwa mbele kabisa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alisimama akaitazama sana, kisha akaniuliza kupitia mkalimani ina maana gani. Sikuwa na maana yoyote. Nilikuwa na rangi tu. Lakini ningesemaje mbele za watu? Nikajibu kwa sauti ya kujua, "Ni furaha ya kisiwa chetu. Mawimbi haya ni kicheko cha bahari." Mgeni akafurahi, akaandika kwenye kidaftari chake. Nilipogeuka, Shangazi Siti alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amekuja na akina mama wenzake wa mwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Hakunitazama. Alinyoosha mkono akapitisha kidole juu ya mawimbi yangu, taratibu, tangu mwanzo. Msukaji anaujua mkono wake hata gizani. Kidole kikaenda, kikaenda, kikafika pale nilipounganisha, kikasimama.

"Mwanaidi, huu ni ukili wangu."

"Nimekusukia mwingine, shangazi. Uko nyumbani, pima kwa pima, tena mzuri kuliko huu."

"Hapa palikuwa na kipande kibovu. Kiko wapi?"

"Nilikikata. Kilikuwa kimeharibika."

"Sikukuuliza kilikuwaje. Nimekuuliza kiko wapi."

Nikamwambia kila kitu, jiko na muhogo. Sikuwa na la kumdanganya, macho yake sasa yalikuwa yamenikamata. Akakaa chini pale pale mchangani, mbele ya wageni na wenyeji, akajifunika uso kwa mtandio. Akina mama wakamzunguka. Alipoweza kusema alisema na mimi, si na wao.

"Kile kipande alikisuka Haji. Kabla hajaenda dago alikaa karibu nami barazani, ananitania kwamba kazi hii mtoto mdogo anaiweza. Nikampa, nikamwambia haya, suka. Akasuka shubiri moja jasho linamtoka. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, mwanamume anasuka ukili! Nikataka kuufumua, akasema acha, ukae na mkono wangu humo. Nikaacha. Wote uliofuata baada ya hapo nimeusuka nikiwa edani. Nilimwambia mama yako aushone msala, ile shubiri aiweke pale ninaposujudu." Kisha akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi: "Na muhogo uliiva?"

Mwanangu, nimetukanwa katika maisha yangu, na nimepigwa pia, lakini hakuna neno lililoniingia kama swali lile. Niliona aibu mpaka nikatamani bahari inichukue. Mtu yule hakuwa na kaburi la mumewe la kwenda kusimama. Alikuwa na shubiri moja ya ukili uliosukwa vibaya, nami nikaitumia kupikia muhogo.

Niliishusha picha mbele ya wageni, nikaifumua yote, nikamrudishia ukili wake. Mama aliporudi na kuambiwa hakunipiga. Alikaa siku tatu bila kusema nami, na bora angenipiga.

Sasa sikiliza upumbavu wangu wa pili, maana wa kwanza haukunitosha. Nikaona nitatengeneza. Nikachukua miyaa, nikasuka shubiri moja vibaya kwa makusudi: hapa nikalegeza, pale nikapandanisha, ukingo nikaupeleka upande kama nilivyoukumbuka. Ilifanana, wallahi. Nikampelekea Shangazi Siti kwa mikono miwili. Akaishika, akaipapasa, kisha akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka.

"Hili ni kosa la mtu anayejua kusuka," akasema. "Mwenzio Haji alikuwa hajui, na alikuwa anajitahidi. Wewe hapa hukujitahidi kusuka, umejitahidi kukosea." Akanirudishia. "Nimekusamehe, Mwanaidi. Mungu ni shahidi, sina kinyongo. Lakini usinijazie pengo. Mwambie mama yako anishonee msala wangu, na pale paache wazi."

Mama akaushona. Niliketi naye nikimpa uzi, nikimwona anavyohangaika, kwa sababu kushona msala ukauacha na uwazi bila kufumuka kunataka ufundi zaidi kuliko kuuziba. Ulipokwisha, pale pa kuweka paji la uso palikuwa na nafasi tupu, urefu wa shubiri moja, upana wa ukili. Shangazi Siti akauswalia miaka yote aliyojaaliwa. Akisujudu, paji lake linagusa sakafu.

Alipofariki, mwanawe alikuja na furushi akaniambia, "Mama amesema huu upewe Mwanaidi." Ulikuwa ule msala. Niliukumbatia nikalia mpaka yule mtoto wa watu akaingiwa na hofu. Ndio ule uliokunjwa pale juu ya kabati, na ndio ninaouswalia mpaka leo. Kila nikisujudu nafika pale nilipokata.

Basi wageni wanaponiuliza uwazi katika kazi zangu una maana gani, siwaambii tena habari za kicheko cha bahari. Wengine wanasema wenyewe kwamba ni dirisha, ni pumzi, ni mlango wa roho. Nawaacha waseme, hawana ubaya. Wewe nakuambia kwa sababu unashika mkasi. Ule ni mkono wa Bwana Haji ambao mimi niliuchoma, na sina haki ya kuweka kitu kingine mahali pake. Zile kamba za mwani katika picha ya ukumbini alinipa dada yangu mwenyewe, akaniambia ni za mwaka ambao shamba lake la mwani liliharibika lote. Ile ndala ya bluu ni ya kaka yangu, nilimwomba, akanicheka, akanipa moja, nyingine akaivaa. Hakuna kitu humo kilichoingia bila mwenyewe kunieleza kilikotoka. Vigae vya kule magofuni Kua, mji wa watu wa kale, sivigusi kabisa, maana wenyewe nitawauliza wapi?

Nasaha yangu ni hiyo, mwanangu, na sina nyingine kubwa zaidi. Usiingize kitu cha mtu katika kazi yako kabla hujamuuliza kimepita wapi. Na pale unapopaona pabaya, palipochanika, palipoungua, palipopinda, uliza mara mbili, kwa sababu wewe unaona doa na mwenzako pengine anaona mtu. Ukishaharibu, sema umeharibu. Usitengeneze cha kufanana ukampelekea mwenyewe kana kwamba hana vidole. Na ukiulizwa maana ya kazi yako nawe huna, jibu kwamba huna. Ni aibu ndogo, inapita.

Kwa hiyo inuka uende nyumbani. Mama yako yuko hai, alhamdulillahi, na alikuwa mtoto katika nyumba ya bibi yako. Mfunulie hii kanga, mwonyeshe lile tundu, muulize moto ule uliwaka lini na nani alikuwa ameivaa. Huenda atasema ni cheche tu ya jikoni, basi utarudi tukate. Huenda akanyamaza kwanza, na akinyamaza, kaa naye, usimharakishe.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, ailinde na kazi ya kujivunia bure. Akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na huo ulimi akupe kwanza. Nenda salama, mwanangu. Mkasi uache hapa kwangu mpaka utakaporudi.