Saa Moja Bila Kipimo

Wauguzi wenzake katika chumba cha wagonjwa mahututi walimwita Mama Kidole, kwa vile kila saa alichoma kidole cha mgonjwa kupima sukari. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuruka hata saa moja. Daktari akimtania kwamba mgonjwa amelala, amwache, alijibu, "Yeye amelala, sukari yake hailali."

Asubuhi ile alikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, aliyepasuliwa tumbo siku nne nyuma. Sukari ilimpanda ingawa hakuwa na kisukari, kwa hiyo pampu ilimtilia insulini ya kuishusha mshipani taratibu, na chakula kikipita kwenye mrija wa puani. Saa nne ukaja ujumbe: anapelekwa kupigwa picha, chakula kisimamishwe. Mama Kidole akafunga mrija. Alikuwa anageukia pampu ya insulini aizime pale moyo wa mgonjwa wa kitanda cha jirani uliposimama. Akamkimbilia.

Aliporudi, saa moja na robo ilikuwa imepita. Fundi alikuwa amelowa jasho chapachapa. Kipimo kilisoma moja nukta nane, chini ya nusu ya kawaida. Alizima pampu, akasukuma glukosi mshipani, akapima, akapima tena, hadi ikafika sita. Fundi hakufumbua macho.

"Andika sukari ilishuka, basi," msimamizi wa zamu alimnong'oneza. "Sababu ziko mia."

"Sababu ni moja, dada. Ni mimi."

Akaandika yote. Kisha akamfuata mke wa fundi kwenye benchi la nje, akaketi, akamweleza bila kuzungukazunguka.

"Na huyo wa jirani?" mwanamke yule aliuliza.

"Yuko hai."

"Kwa hiyo amebadilishana na wangu." Akageuza uso. "Nenda, mama. Leo usimguse tena."

Siku ya tatu fundi aliamka. Alimtambua mkewe, lakini majina ya watoto yalimpotea. Juu ya kila pampu pakabandikwa agizo jipya: kabla ya kufunga chakula, zima insulini. Mama Kidole alipewa barua ya onyo, akaendelea na kazi. Wenzake walimwambia asijitese, kwani aliokoa mtu. Mchana, wengine wakienda kula, yeye alikwenda wodi alikohamishiwa fundi, akasimama nje ya mlango, akamsikiliza mke akimfundisha mumewe majina ya watoto, mmoja mmoja, naye akikosea la tatu.